Nani Alikuwa Mchezaji Wako Ulipokuwa Mdogo?

Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili mjini Pittsburgh, kabla ya kwenda uwanjani pamoja

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina papa mliotoka Uvira, Bukavu na Lubumbashi, ndugu zangu wa Burundi, wa Mombasa, wa Dar es Salaam, nanyi mliozaliwa kambini Dadaab na Kakuma mkakulia hapa hapa Pittsburgh, hamjambo? Vijana mliokaa nyuma na kofia zenu nyeusi zenye herufi P ya njano, P ya Pirates, timu ya besiboli ya mji huu, nawaona. Maneno haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ndani.

Hapo mlangoni mzee mmoja amenishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, mchezo huu ambao nusu saa nzima watu wamesimama tu, wenye mji wanaupendea nini?" Ni swali la haki, mzee wangu. Nikianza kukueleza sheria za besiboli tutakesha. Kwa hiyo nitakujibu kwa majina ya watu.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika mji huu kwa miaka mingi, na zamu za usiku ndizo zilizonifundisha jambo hili. Ukikaa na mwenyeji wa Pittsburgh aliyezeeka, na mazungumzo yamegoma, usimuulize kuhusu hali ya hewa. Usimuulize timu bora ilikuwa ya mwaka gani, maana hapo atakuletea ubishi. Muulize hivi: ulipokuwa mdogo, mchezaji wako alikuwa nani?

Usiku mmoja nilikuwa na mgonjwa, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha chuma maisha yake yote. Alikuwa hasemi na mtu. Chakula anakirudisha, dawa anameza bila kututazama. Nikamuuliza swali hilo huku nabadilisha shuka. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Clemente." Akainua mkono wa kulia, mkono ule ule wenye dripu, nikamwambia taratibu baba, akaendelea tu kunionyesha: Clemente anaudaka mpira chini kabisa karibu na ukuta, anageuka bila kutazama, anaurusha moja kwa moja hadi kituo cha tatu, na mkimbiaji anakutwa bado yuko njiani. Mzee yule hakuwa tena mgonjwa wa chumba kile. Alikuwa mtoto wa miaka kumi kwenye viti vya bei rahisi, pembeni ya baba yake. Tangu usiku ule akawa anakula, ilimradi nikae nisikilize.

Nimeliuliza swali hilo kwa madereva wa mabasi, kwa mwenye nyumba wangu wa kwanza, kwa bibi mmoja wa kanisani ambaye watu walikuwa wakimuogopa. Kila mmoja ana jina. Hakuna aliyefikiri hata sekunde tatu.

Mimi wangu alikuwa Omar Moreno.

Tulifika hapa mwaka 1978, baba akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mimi nikiwa na miaka minane. Baba yangu alikuwa Simba wa damu. Alikuwa ameondoka Dar es Salaam akiwa bado hajashuka kutoka kwenye wingu la tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Simba iliifunga Yanga 6–0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Mnaotoka Tanzania mnajua: mtu wa Simba hiyo tarehe haihitaji kalenda. Basi baba akafika katika mji ambao hakuna anayemjua Kibadeni, akanunua redio ndogo ya kuweka jikoni, akawa anatafuta mpira. Akapata besiboli.

Tulikuwa hatuelewi kitu. Lakini jioni moja mtangazaji akataja jina ambalo lilinifanya niache kumenya viazi: Omar. Nyumbani kwetu kina Omari walikuwa watatu, wajomba wawili na binamu. Nikasema, huyu ni wetu. Baba akacheka, akasema haya, na awe wako. Nilipokuja kujua kwamba Omar Moreno ni mtu wa Panama nilikuwa nimeshampenda, na kwangu Panama ikawa nchi ya jamaa.

Omar alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu, na kazi yake ilikuwa mbio. Katika besiboli mchezaji anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi nyumbani, kwenye kibao anapopigia, na hapo timu yake inapata alama. Basi kuna kitu wanaita kuiba kituo. Mkimbiaji amesimama kituo cha kwanza. Anasogea hatua moja pembeni, hatua mbili, amekunja magoti, mikono inaning'inia, anamwangalia mrushaji begani. Mrushaji naye anajua. Uwanja mzima unajua. Mara mrushaji anainua mguu kumrushia mpigaji, na mkimbiaji anafyatuka. Ni mita 27 na ushei mpaka kituo cha pili, na nyuma yake mdakaji ameshasimama na mpira mkononi kuutupa huko huko. Ama anafika kabla ya mpira, ama aibu. Mwaka 1979 Omar aliiba vituo 77, akaongoza ligi nzima ya Taifa (National League, moja ya mbili zinazounda ligi kuu), kama alivyoongoza mwaka uliotangulia. Mimi na watoto wenzangu wa mtaani tulichora vituo kwa chaki kwenye maegesho ya magari, na kila mtu aliyetaka kuwa Omar ilibidi aniombe ruhusa kwanza.

Mwaka ule timu yetu ilijiita Familia. Nahodha wao alikuwa Willie Stargell, mtu mzima wa miaka 39, na wenzake walimwita Pops, yaani Baba. Mchezaji akifanya vizuri, Stargell humpa nyota ndogo ya dhahabu ya kushona kwenye kofia, na wanaume wazima wenye ndevu wakawa wanazigombea kama watoto wa darasa la kwanza. Kwenye fainali walikutana na Baltimore. Anayetangulia kushinda michezo minne ndiye bingwa, na Pirates walikuwa nyuma, mmoja kwa mitatu. Asubuhi ya mchezo wa tano, kocha Chuck Tanner alifiwa na mama yake. Alikuja kazini. Walishinda siku hiyo, wakashinda uliofuata, na usiku wa tarehe 17 Oktoba, kule kule Baltimore, Stargell alipiga mpira ukavuka ukuta, pigo linaloleta alama papo hapo, na Pirates wakashinda 4–1. Na mpira wa mwisho kabisa uliopaa hewani usiku ule, ndugu zangu, aliyeudaka ni Omar Moreno. Mama alikuwa amenikataza kukaa macho. Nilikuwa chini ya meza ya jikoni.

Sasa niwapeleke mtaa wa Oakland, maana huko ndiko watu wa mji huu wanakoonyesha jinsi wanavyokumbuka.

Kabla ya uwanja tunaokwenda leo, na kabla ya ule uliobomolewa mwaka 2001, Pirates walichezea Forbes Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 1909 na kufungwa Juni 1970. Uwanja wenyewe haupo, lakini kipande cha ukuta wake wa nje bado kimesimama, ukuta wa matofali uliotambaliwa na mimea, na nguzo ya bendera pale pale ilipokuwa. Kwenye matofali utaona imeandikwa 457. Ni futi kutoka kwenye kibao cha nyumbani, karibu mita 139. Jengo la chuo lililojengwa mahali palipokuwa uwanja lina kibao cha nyumbani chini ya kioo sakafuni, na wanafunzi wanapita juu yake na vikombe vyao vya kahawa. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akinipitisha hapo baada ya masomo yake. Nilikuwa nalala kifudifudi, paji la uso kwenye kioo, nikitafuta alama za viatu vya Clemente.

Tarehe 13 Oktoba 1960, mchezo wa saba wa fainali ulichezwa hapo dhidi ya Yankees wa New York. Yankees walikuwa matajiri, wenye majina, na katika michezo ile saba walifunga jumla ya 55 dhidi ya 27 za Pirates. Walipokuwa wakishinda walishinda 16–3, 10–0, 12–0. Pirates walishinda kwa kujikongoja, lakini walishinda mitatu. Mchezo wa saba ukafika raundi ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, 9–9. Akaja kupiga Bill Mazeroski, mlinzi wa kituo cha pili, mtu aliyejulikana kwa mikono yake ya kudaka zaidi kuliko kwa kupiga. Mpira wa pili aliotupiwa na Ralph Terry ulipita juu ya ukuta wa kushoto. 10–9. Mpaka leo hakuna mchezo wa saba mwingine wa fainali hizo ulioisha kwa pigo la namna hiyo. Saa ilikuwa tisa na dakika 36 alasiri.

Kila tarehe 13 Oktoba, tangu mwaka 1985, watu wanakusanyika ukutani pale. Wanakuja na viti vya kukunja, mablanketi, sandwichi, na wanasikiliza kanda ya redio ya mchezo ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wote wanajua utaishaje. Hata hivyo Yankees wakifunga wanashika vichwa. Pirates wakisawazisha wanapiga makofi. Kanda inapangwa ili pigo la Mazeroski litokee saa tisa na dakika 36 kamili, na muda huo ukifika wazee wenye fimbo wanasimama, na mtu na mwenzake ambao hawajuani wanakumbatiana. Nimehudhuria mara nyingi. Jambo linaloniteka ni wajukuu. Mtoto amevutwa na babu yake, hataki, yuko kwenye simu. Kufika raundi ya nane ameshaiweka simu mfukoni.

Mazeroski alipoingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown mwaka 2001, alipanda jukwaani na kurasa zake za hotuba, akaanza, akalia, akashindwa. Akaziweka kando akashuka. Watu wa hapa wanaisifu hotuba ile kuliko ndefu zote.

Lakini mtu ambaye nataka mumjue hasa, wazazi wenzangu, ni Roberto Clemente. Nimemweka katikati kwa sababu maisha yake yanatuhusu kwa namna ambayo hata wenyeji wengi hawaioni.

Alizaliwa mwaka 1934 Carolina, Puerto Rico, mtoto wa mwisho wa nyumba ya watoto saba. Baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Alifika Pittsburgh mwaka 1955, kijana wa miaka 20, mweusi, anayezungumza Kihispania, katika mji ambao hakuwa na ndugu. Timu ilipokwenda Florida kufanya mazoezi ya kabla ya msimu, wachezaji weusi walilala kwingine. Basi likisimama njiani, wazungu walishuka kula mgahawani na Clemente na weusi wenzake walibaki ndani ya basi wakisubiri kuletewa chakula. Waandishi wa magazeti waliandika maneno yake kwa kuyapotosha tahajia, ili msomaji acheke lafudhi yake. Akisema anaumwa mgongo, waliandika kwamba anajidekeza. Na kwenye kadi za wachezaji, zile ambazo watoto walizikusanya na kubadilishana, kwa miaka mingi walimwandika Bob. Yeye akasema jina langu ni Roberto. Akalisema tena, mwaka hadi mwaka, mpaka wakachoka wao.

Ninajua humu ndani wako watoto ambao mwalimu amewafupishia majina kwa sababu yanamshinda. Mwambieni mtoto habari za Clemente.

Uwanjani alikuwa mlinzi wa upande wa kulia, na wazee watawaambia kuwa mkono kama ule hawajauona tena. Alipata tuzo ya glavu ya dhahabu, ya walinzi bora, mara 12. Mara nne aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga. Alicheza fainali mbili, ya 1960 na ya 1971, michezo 14 kwa jumla, na katika kila mmoja wa michezo hiyo alipata angalau pigo moja safi, yaani la kumfikisha kituoni. Ya 1971 ilikuwa yake. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Pirates walikuwa wameshaandika historia nyingine, pengine bila kukusudia: waliingia uwanjani na wachezaji tisa, wote weusi na wa Amerika ya Kilatini, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwenye ligi kuu. Wiki chache baadaye walikuwa Baltimore kwenye mchezo wa saba, Clemente akapiga mpira ukavuka ukuta, wakashinda 2–1.

Baada ya mchezo wakamwekea kipaza sauti chumbani mwa wachezaji, televisheni nchi nzima inatazama. Kabla ya kujibu kwa Kiingereza, Clemente aliomba aseme kwanza kwa Kihispania. Akawatakia wanawe baraka, na akawaomba wazazi wake, kule Puerto Rico, wampe baraka zao. Mtu ameushika ulimwengu mkononi, na anachokitaka kwanza ni radhi za wazazi. Familia za watu wa Puerto Rico zilizokuwa zikitazama siku ile bado zinasimulia. Nami nilipoiona picha hiyo nikiwa mtu mzima, nilimpigia mama simu pale pale.

Tarehe 30 Septemba 1972, dhidi ya Mets wa New York, alipata pigo lake la 3,000. Likawa la mwisho katika msimu wa kawaida. Desemba 23 tetemeko la ardhi likaibomoa Managua, mji mkuu wa Nicaragua. Clemente aliongoza ukusanyaji wa misaada nyumbani Puerto Rico. Akasikia kwamba misaada ikifika kule inaishia mikononi mwa watu wa serikali. Akaamua kuipeleka mwenyewe, akiamini hakuna atakayethubutu kumwibia yeye. Usiku wa tarehe 31 Desemba alipanda ndege kuukuu iliyojazwa kupita kiasi, na mara baada ya kuruka ikaanguka baharini, karibu na San Juan. Walikuwa watano ndani. Mwili wake haukupatikana.

Rafiki yake Manny Sanguillén, mdakaji wa timu, mtu wa Panama, hakuonekana kwenye ibada ya kumwombea ambayo wachezaji wenzake walisafiri kuihudhuria. Alikuwa baharini, anapiga mbizi na wazamiaji, anamtafuta.

Pale Cooperstown sheria ilikuwa lazima mtu akae miaka mitano tangu aache kucheza ndipo afikiriwe. Kwa Clemente waliiondoa, wakamwingiza mwaka 1973. Lakini nadhani heshima kubwa zaidi iko kwenye vyeti vya kuzaliwa. Ulizeni mjini hapa ni wanaume wangapi wa umri wangu wanaitwa Roberto na hawana hata tone la damu ya Puerto Rico.

Mwaka 1979, mchezo wa pili wa fainali, raundi ya tisa, alama zikiwa sawa, kocha alimwita Sanguillén kutoka benchi. Alikuwa ameshazeeka, hachezi sana. Alipiga, Ed Ott akakimbia kutoka kituo cha pili mpaka nyumbani, Pirates wakashinda 3–2. Sanguillén akasema pigo lile ni la Roberto. Nilikuwa na miaka tisa, sikumjua Roberto ni nani. Nilimuuliza mwanamke wa nyumba ya pili, naye akaketi nami kwenye ngazi za baraza yake mpaka taa za barabarani zikawaka. Ndivyo nilivyokuwa mtu wa Pittsburgh. Hakuna ofisi iliyonipa hati.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Kumbukumbu zisipotunzwa na mtu hupotea, hata za walio bora kabisa. Mtaa wa Hill District, ambako baadhi yenu mnaishi, miaka ya 1930 ulikuwa na timu ya Pittsburgh Crawfords, na ng'ambo kidogo walikuwapo Homestead Grays. Zilikuwa timu za watu weusi, kwa kuwa ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango. Gus Greenlee, mfanyabiashara mweusi, alijenga uwanja wake mwenyewe hapo Hill mwaka 1932. Satchel Paige alirusha pale. Cool Papa Bell alikimbia pale. Na Josh Gibson, mdakaji aliyelelewa mji huu huu, alipiga mipira pale ambayo watoto wa mtaa waliikimbilia mbali sana. Gibson alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson akafunguliwa mlango, mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika zama hizi. Kaburi la Gibson katika makaburi ya Allegheny lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 1975. Na ilikuwa Mei 2024 ndipo ligi kuu ilipoziingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake, na Josh Gibson akakaa juu ya wote kwa wastani wa kupiga, .372, yaani mapigo safi 372 kwa kila majaribio 1,000. Mpaka hapo, walioweka jina lake hai ni wazee wa Hill, vinyozi na watu wa barazani, wakibishana kuhusu mpira uliopigwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kama wasingeng'ang'ania, tungemjua nani?

Vijana, najua mnafikiri haya ni mambo ya kale. Mnaniambia, mama, Pirates wanafungwa. Kweli walifungwa. Kuanzia 1993 hadi 2012, misimu 20 mfululizo, walipoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda; hakuna timu nyingine ya ligi kubwa Marekani iliyopitia hayo. Lakini nendeni mkamuulize mtu aliyezaliwa 1995 mchezaji wake. Atakuambia Jack Wilson, kwa jinsi alivyokuwa akijirusha kudaka. Atakuambia Freddy Sanchez, aliyeongoza ligi kwa kupiga mwaka 2006 kwenye timu isiyoshinda. Mtoto hasubiri kikombe ndipo apende.

Mwanangu alikuwa na Andrew McCutchen. Januari 2018 klabu ilimuuza San Francisco. Mwanangu alikuwa mkubwa, hakulia mbele yangu, ila alivua bango ukutani akalikunja vizuri akaliweka chini ya kitanda. Mei mwaka ule McCutchen alirudi hapa akiwa na jezi ya wageni, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia kabla hajapiga hata mpira mmoja. Mwaka 2023 alirudi kuichezea Pirates, jezi yake ya nyumbani, namba 22. Bango lilitoka chini ya kitanda.

Nimewawekea mmoja wa mwisho, na wazee nawaomba mnisikilize hapa.

Tarehe 26 Aprili 2017, Pirates walicheza na Cubs wa Chicago. Raundi ya nne akaingia kijana anayeitwa Gift Ngoepe, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mtumishi wa klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na familia iliishi kwenye chumba kimoja ndani ya jengo la klabu. Mtoto akiamka asubuhi, mlangoni ni uwanja. Pirates walimsajili mwaka 2008. Akazungushwa kwenye ligi ndogo miaka na miaka, na mwaka 2013 mama yake alifariki kabla ya kumwona akifika. Usiku ule akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia bara la Afrika kucheza ligi kuu. Mara yake ya kwanza kupiga, akimkabili Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa wakati wake, alipiga pigo safi akafika kituo cha kwanza. Nilipiga kigelegele. Mtu mmoja viti vya mbele aligeuka, mzungu mzee mwenye redio sikioni, akaniuliza, "Wa kwenu?" Nikamwambia ndiyo, wa kwetu. Akasema, "Basi wa kwetu wote," akanipa mkono.

Ngoepe hakukaa muda mrefu Pittsburgh. Hilo halinisumbui. Najua kuna binti mmoja humu, wa Kikongo, ambaye aliandika jina lake kwenye daftari la shule akiwa darasa la pili, na sasa anacheza softiboli ya sekondari kwenye nafasi ile ile aliyocheza Ngoepe.

Basi tupange mambo. Mabasi yako nje, tiketi ziko kwa dada aliyekaa mlangoni, na mchezo wa leo unaanza saa 12:40 jioni. Tutashuka upande wa mjini ili tuvuke mto kwa miguu juu ya daraja la Clemente. Siku za mchezo hulifunga kwa magari. Sanamu ya Clemente iko mkishavuka tu. Ndani ya uwanja ukuta wa upande wake wa kulia una urefu wa futi 21, sawa na namba ya jezi yake, waonyesheni watoto. Sanamu ya Stargell ilizinduliwa tarehe 7 Aprili 2001, naye akafariki siku mbili baadaye, siku ile ile ya mchezo wa kwanza wa msimu katika uwanja huo. Wazee wa hapa wakisimama kimya mbele yake, msiwaharakishe.

Wazazi, mtoto akimchagua mchezaji aliyekaa benchi mchezo mzima, mwacheni. Msimwambie achague mwenye jina. Na nyumbani wasimulieni wa kwenu pia, Kibadeni wenu, na wa TP Mazembe kwa watu wa Lubumbashi, ili kijana akiulizwa awe na majibu mawili.

Tarehe 13 Oktoba tutakutana tena ukutani Oakland. Redio inaanza mara baada ya saa saba mchana. Kila familia ilete kiti cha kukunja na kitu cha kula, chapati zitoshe majirani, na kila mtoto aje na swali lake amuulize mzee mmoja asiyemjua. Mimi nitakuwa karibu na nguzo ya bendera, na kofia yenye namba 18 ya Omar. Haya, twendeni, dereva ameshawasha gari.